Kichwa Chenye Nguvu

Mzee Methuselah Opolot hakuwahi kufundisha hata nusu kipindi, lakini Busia nzima ilimwita mwalimu, na Sheilah Among hakuwa ameisamehe Busia kwa jambo hilo.

Among alikuwa mpiga chapa. Kibanda chake cha mabati kilikuwa karibu na maegesho ya malori, kina kompyuta moja, printa moja na dirisha dogo la kupokelea wateja. Nje ya dirisha hilo, barazani, ndipo Mzee Methuselah alipoweka meza yake miaka kumi na moja iliyopita bila kuomba ruhusa, akasema kivuli hakina mwenyewe. Utaratibu ukawa huo tangu siku ile. Mtu mwenye haja ya barua aliketi kwa mzee akaeleza shida yake kwa Kiswahili au Kiteso, mzee akafumba macho, akaiandika kwa mkono kwa Kizungu, kisha karatasi ikapitishwa dirishani ichapwe. Kizungu kilipofika dirishani kilikuwa kimeshaharibika, na Among alikichapa hivyo hivyo. Aliyemuuliza alijibiwa neno moja tu: "Mimi ni vidole. Kichwa ni cha mzee."

Hicho Kizungu mzee alikipata kwenye kinu cha pamba, alikofanya kazi miaka kumi na tisa, akiandika uzito wa marobota kwenye daftari. Kinu kilipofungwa, mabwana waliondoka wakaacha makabati yamejaa barua za zamani, naye akazibeba nyumbani kwa baiskeli, safari tatu. Alizisoma kama mtu anayeokota pamba iliyomwagika, kipande hapa kipande pale, bila kujua kilitoka mmea gani. Kamusi hakuwa nayo na hakuitaka. Alisema kamusi ni fimbo ya mtu asiyeona vizuri.

Fahari yake kubwa ilikuwa maneno ya kuwasema watu wakaidi. Alikuwa nayo gunia zima, na kila moja alikuwa amelipangia cheo chake. Stubborn, aliwaeleza wateja, ni neno la watoto na punda. Obstinate ni la wake za watu. Recalcitrant ni la wakwe, wale wanaopokea ng'ombe kisha wanamwita binti yao arudi nyumbani. Afisa wa forodha aliyekataa kugonga muhuri hakuwa hata mojawapo ya hayo. Huyo alikuwa adamant, kwa sababu mtu mwenye muhuri hatukanwi. Naye mwenyewe Methuselah, aliyegoma miaka yote kusogeza meza yake upana wa kiganja ili mlango wa Among ufunguke wote, alikuwa man of principle, mtu wa msimamo. Ukaidi ulikuwa uleule, kilichobadilika ni nani ameshika kalamu. Among alipoyasikia mahubiri haya, na aliyasikia karibu kila siku, aliongeza sauti ya redio.

Hayo angalau mzee alijua kwamba yanauma. Kulikuwa na mengine matatu ambayo aliyadhani ni sifa. Watu wa huku wakitaka kumsifu mtoto mwerevu husema ana kichwa, basi Mzee Methuselah alipokutana na headstrong kwenye barua za kinu alijumlisha vitu viwili akapata jibu lake: kichwa chenye nguvu. Opinionated akaitafsiri kuwa mtu mwenye maoni, anayefaa kuketi kwenye kamati. Wilful akaiona ni mtu aliyejaa moyo wa kujitolea. Ukweli ni kwamba wa kwanza ni yule asiyesikia la mkuu, wa pili haamini kama kuna maoni mengine duniani ila yake, na wa tatu atafanya alitakalo hata nyumba iwake moto. Mzee hakuyatumia maneno haya ovyo. Aliyatunza kwa ajili ya watu aliowapenda, akawabandika nayo kwenye barua zao za kuombea kazi, askari wa mlangoni, wapishi, madereva, na kwa kuwa barua nyingi za Busia hazijibiwi, hakuna aliyewahi kujua kilichompata.

Among peke yake alijua, na alijua kwa gharama yake. Alipokuwa kidato cha pili, miaka ishirini iliyopita, mwalimu mkuu aliandika chini ya ripoti yake kwamba ni msichana headstrong tena opinionated. Baba yake, Etyang, alikuwa mkulima wa mihogo huko Adungosi, na Kizungu alikisikia redioni tu. Alipanda baiskeli akampelekea ripoti jirani yake Methuselah. Methuselah akaisoma, akamshika mkono, akampa hongera. Jioni ile ile Etyang alirudi kutoka sokoni amemnunulia Among viatu vyeusi vya ngozi vyenye bizimu, vya kwanza vya aina hiyo katika boma lao, na kila alipoketi na wazee kunywa pombe ya ajono aliwaambia kwamba walimu wenyewe wameandika kuwa binti yake ana kichwa.

Muhula uliofuata Among alirudishwa nyumbani kwa kuongoza wenzake kukataa maharagwe yenye wadudu. Etyang akachukua ripoti, akaenda nayo shuleni kumtetea, akamwonyesha mwalimu mkuu maandishi yake mwenyewe. Mwalimu mkuu alicheka kwanza, kisha akamweleza. Etyang alirudi nyumbani akaapa hatakanyaga tena ofisi ile hata kwa kuitwa. Bila mzazi wa kumrudisha shuleni, masomo ya Among yakaishia hapo. Methuselah alipofikiwa na habari alisema kwa upole kwamba mwalimu mkuu yule alisoma Kizungu cha siku hizi, kisicho na mizizi.

Sifa zenyewe, kwa maana yake ya kweli, Among hakuzikana. Alikuwa na kichwa kigumu na alikijua. Lakini kuna ukaidi wa kukataa maharagwe yenye wadudu na kuna ukaidi wa kukataa kufungua kamusi, na huu wa pili aliudharau kwa moyo wake wote. Alidharau miwani ya mzee, alidharau kalamu zake tatu mfukoni, alidharau namna alivyotikisa kichwa akisoma alichokiandika mwenyewe. Miaka kumi na moja alingoja siku ambayo Busia itamjua.

Siku hiyo aliiona inakuja mwezi wa pili mwaka huu, imevaa gauni zuri la mama yake. Alikuwa Aguti, msichana wa miaka ishirini na mbili kutoka kijijini kwao Adungosi, mtoto wa mjane anayeuza mihogo. Mradi mmoja wa maji ulikuwa umefungua ofisi karibu na Alupe na ulitafuta vijana sita wa kuzunguka vijijini wakipima visima, mkataba wa miaka miwili. Aguti alikuwa ameomba. Walitaka pia barua kutoka kwa kiongozi wa mahali anayemfahamu kwa muda usiopungua miaka mitano, na kiongozi huyo alikuwa Mzee Methuselah, kwa sababu ndiye aliyekuwa mzee wa kijiji chao. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye fomu.

Mzee alimpenda Aguti, kwa hiyo alimtolea hazina yote. Karatasi iliyopita dirishani ilisema: Miss Aguti is a headstrong, opinionated and wilful girl of our village, and I say this with a clean heart.

Vidole vya Among vilisimama. Aguti alikuwa pale pale dirishani, ameshika bahasha, anatabasamu. Ingemchukua Among neno moja tu kumwonya. Badala yake aliwaza kwamba hawa wa mradi ni watu wanaosoma barua na kuzijibu, na kwamba sasa ndipo mzee ataaibika mbele ya watu. Kuhusu Aguti alifikiri kidogo, kisha akaacha kufikiri. Aliichapa hivyo hivyo, akaipitisha nje, mzee akaitia sahihi na kuigonga muhuri wake wa kijiji.

Wiki iliyofuata, Jumatano, Aguti alirudi akiwa amebadilika sura. Alikuwa amepita usaili vizuri, hata jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha. Lakini afisa wa mradi alimpigia simu akamuuliza kama amewahi kugombana na mdhamini wake, maana barua aliyoandikiwa hata adui hawezi kuiandika. Afisa alikuwa na huruma. Alisema atangoja mpaka Ijumaa saa sita mchana, barua mpya, mtu yule yule, sahihi ile ile, la sivyo nafasi inakwenda kwa anayefuata.

"Dada Sheilah," Aguti aliuliza, "headstrong ni nini?"

Among alichukua simu yake akajifanya anatafuta. Alitafuta muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akamwambia maana yake kwa sauti ya mtu aliyeshangaa. Alijidharau kidogo kwa hilo, ila haikumzuia.

Walimwendea mzee pamoja. Aliwasikiliza akiwa amefumba macho, kama anavyosikiliza wateja, na alipoyafumbua alikuwa ameshakataa. Among akamwonyesha simu. Mzee akasema simu hizi zimetengenezwa China, zitajuaje Kizungu. Among akaenda kuazima kamusi kwa fundi saa wa jirani, akamfungulia ukurasa, akamwekea kidole kwenye mstari. Mzee aliigeuza kwanza akatazama jalada, akapapasa karatasi, akasema kwamba neno linaweza kuugua ndani ya kamusi huku likiwa zima kabisa kinywani mwa wanaolijua. Kisha akasema huyo afisa ni mwanamke obstinate. Aguti alipomkumbusha kuwa afisa ndiye mwenye kugonga muhuri wa ajira, alifikiri kidogo akasema, basi ni adamant.

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hilo angalau huenda likazikwa. Hili lilikuwa linakaa barazani na kulipwa.

Alhamisi Among aliandika barua nyingine yeye mwenyewe, kwa Kizungu chake cha kidato cha pili, kilichonyooka. Ilisema Aguti ni mchapakazi, ni mwaminifu, na ni mtu anayesikiliza. Mzee aliisoma mara moja akaisukuma kwa ncha ya kidole, kama sahani yenye nzi. Akauliza yeye, Methuselah Opolot, atie sahihi yake chini ya maneno ya class three, watu waseme amezeeka? Sahihi yake itakaa chini ya headstrong au haitakaa popote. Aguti alipiga magoti pale barazani. Mzee akampapasa kichwani, akamwambia asilie, kwani anachofanya ni kumlindia thamani yake. Among aliyaona hayo kupitia dirishani, na tangu azaliwe hakuwa amemwona mtu wa kudharauliwa kama huyo mzee mwenye huruma.

Ijumaa ikafika. Saa nne na nusu asubuhi bodaboda ya kumpeleka Aguti Alupe ilikuwa imesimama mbele ya baraza, na Aguti mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja akilia bila sauti. Benchi lilikuwa limejaa. Kulikuwa na dereva wa lori kutoka Malaba, kulikuwa na wanawake wawili waliovuka kutoka upande wa Uganda na vikapu vyao, na wote walikuwa wakimsikiliza mzee akieleza tofauti ya stubborn na obstinate.

Among aliinuka. Alitoka kupitia mlango wake unaofunguka nusu, ubavu ukikwaruza bati kama kila siku, akasimama mbele ya meza. Hakuwa na mpango wowote. Alichotaka ni kumtukana mtu huyu kwa miaka ishirini yote mara moja, kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya mashahidi, halafu afunge kibanda aende nyumbani.

"Mzee Methuselah," alisema, "nimekaa na wewe hapa miaka kumi na moja. Sijawahi ona mtu headstrong kama wewe. Hapa Busia hakuna. Hata Malaba hakuna, muulize huyu boss wa lori. Wewe ni opinionated kutoka juu mpaka chini. Wewe ni wilful, na utakufa ukiwa wilful."

Among alivuta pumzi ili amalizie kwa Kiswahili, asije mzee akakosa kuelewa, lakini mzee alimtangulia. Mzee alivua miwani yake. Aliifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Among," alisema polepole, "mimi nilidhani wewe hunipendi."

Dereva wa lori alianza kupiga makofi, kwa heshima, na wale wanawake wawili wakamfuata. Mmoja alimpa mzee hongera. Among alikuwa bado ameshika maana ya kweli ulimini, chungu, imeiva miaka ishirini. Angeitema, mzee angeporomoka mbele ya watu kama alivyostahili. Lakini aliona pia kalamu mkononi mwa mzee, na aliona kwamba Aguti ameinua kichwa.

Akaimeza. "Hapana, mzee," alisema. "Ni vile tu mimi si mtu wa kusema." Akaiweka ile barua ya Alhamisi mezani.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mzee aliitia sahihi bila kuisoma, sahihi ndefu yenye mkia, akaigonga muhuri mara mbili. Alisema hayo maneno ya class three yabaki tu, hayana shida, mtu akishajulikana hana haja ya kupiga kelele. Aguti aliinyakua barua, akapanda bodaboda, na saa sita kasoro alikuwa amefika. Kazi akaipata.

Kwa wiki mbili Among aliishi vizuri. Alimpaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa kila asubuhi, akimwita headstrong mbele ya wateja, na kila asubuhi mzee aling'aa. Alikuwa hajawahi kufurahia kazi yake namna hiyo.

Kisha Aguti akaja. Alikuwa amevaa buti za mradi na amebeba jogoo aliyefungwa miguu, na begani alikuwa na kifurushi kingine kilichofungwa kwa gazeti. Alipiga magoti mbele ya mzee, akamsalimu, akamkabidhi jogoo. Alipogeukia dirishani alikuwa anacheka, macho yake yanamwambia Among kwamba yeye alielewa kila neno la ile Ijumaa, na kwamba siri yao iko salama. Akaanza kukifungua kile kifurushi. Kilikuwa na kitenge, cha rangi ya chungwa, kipya.

Mzee hakupenda kuachwa nje ya furaha. Alimwambia Aguti kwamba neno lile headstrong lina bahati, watu wa ofisini walihitaji muda tu kulizoea. Na si yeye wa kwanza.

"Uliza huyu Sheilah," alisema. "Akiwa form two waliandika headstrong kwa ripoti yake. Mimi ndiye nilimsomea baba yake. Huyo Etyang alifurahi mpaka akamnunulia viatu. Aliletewa shida baadaye na hao walimu, lakini neno lenyewe analijua kutoka utotoni."

Kicheko cha Aguti hakikuisha mara moja. Kilibaki usoni kidogo, kikitafuta pa kwenda. Alimtazama Among kupitia dirisha, akaitazama kompyuta, na Among akaona anavyohesabu siku kurudi nyuma, kutoka Ijumaa mpaka Jumatano ya simu, kutoka Jumatano mpaka ile siku ya gauni la mama.

"Dada," alisema, "kwa hivyo ulilijua ukiandika."

Among alikuwa na jibu lake la miaka kumi na moja, lile la vidole na kichwa. Lilifika mpaka kwenye meno likamchukiza.

Aguti alisubiri kwa heshima, kama mtu anayesubiri mkubwa wake amalize kukohoa. Alipoona hakuna kinachokuja, alikunja kitenge, akakifunga tena na gazeti lake, akakirudisha begani. Alimuaga mzee. Dirishani hakuaga.

Mzee Methuselah alimtazama akienda na buti zake, akasema msichana yule naye ameanza kuwa stubborn. Kisha akakumbuka jambo, akatabasamu, akapitisha karatasi dirishani. Ilikuwa ya kibao kipya cha meza, alichokiwaza usiku kucha, na alitaka kichapwe kwa herufi kubwa. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina lake na sifa zake zote tatu. Wa pili hakuwa ameutaja mapema, alisema, kwa sababu alitaka kumshtua.

Mstari wa pili ulisema: AND SHEILAH AMONG, TYPIST, ALSO HEADSTRONG.

Among aliusoma mara mbili, akitafuta kosa. Kisha akauchapa hivyo hivyo.